Akiba ya Ini

Fungu la mchicha lilikuwa juu ya meza ya mikutano, katikati ya vikombe vya chai, na hakuna aliyetaka kuligusa. Mlinzi Mdoe ndiye aliyelitoa kwenye mkoba wa Maryamu pale getini, akaja nalo amelinyanyua juu kama mtu aliyemshika nyoka mkia. Mizizi ilikuwa bado ina udongo, na udongo wenyewe ulikuwa unadondokea kwenye kitambaa cha meza kilichofuliwa jana yake kwa ajili ya wageni.

"Nimenunua sokoni asubuhi," alisema Maryamu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, maana hakuna aliyemwambia akae. "Ni mboga ya nyumbani. Leo zamu yangu kupika. Mjomba anajua."

Wote wakamgeukia Mzee Muhidini. Yeye alikuwa amekaa, tena kwenye kiti chenye mto, kiti alichokuwa akipewa kila kikao kwa heshima ya umri wake. Alikuwa mhudumu mkuu wa nyumba ya wanyama katika kile kituo cha utafiti nje kidogo ya mji wa Korogwe, Mzigua wa Handeni, mtu wa siku nyingi kazini ambaye kustaafu kwake kulikuwa mlangoni. Maryamu alikuwa mtoto wa dada yake. Ndiye aliyemtoa Handeni ndoa yake ilipovunjika, akampa chumba nyumbani kwake Manundu, hapo mjini, na kumtafutia kibarua cha kuosha vizimba. Kwa Wazigua mjomba ni mtu mzito. Binti akiharibikiwa, baba ataulizwa, lakini mjomba ataulizwa kwanza.

"Mboga ya nyumbani ni kweli," alisema Muhidini. "Mchicha tunakula."

"Sijauliza mnakula nini ninyi, mzee wangu," alisema Dkt. Grasiana, mkuu wa utafiti ule. Hakuwa mtu wa kupayuka. Akikasirika sauti yake ilishuka mpaka watu wakalazimika kuinama kumsikia. "Nauliza panya wa vizimba vyekundu wamekula nini."

Hao panya walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa panya weupe wa maabara, na walikufa kwa kazi maalumu. Kina mama wa Handeni hukausha mboga za majani wakati wa mvua ili ziwafikishe kiangazi, na Daktari alitaka kujua kama mboga hizo zikishakauka bado zina vitamini A ya kumfaa mtoto. Basi panya walilishwa unga ulioondolewa vitamini hiyo mpaka miili yao ikaishiwa. Kisha wengine walianza kupewa mboga iliyokaushwa juani, wengine iliyokaushwa kivulini, na wale wa vizimba vilivyotundikwa kibati chekundu wakaachwa vivyo hivyo na unga wao mtupu, ili wenzao wapimwe kwao. Kila baada ya muda walitolewa damu kwenye mshipa wa mkia. Mwishoni waliuawa wote, na maini yao yakatolewa yakapimwa.

"Damu peke yake haitoshi," Daktari alikuwa amewafundisha wahudumu siku ya kwanza kabisa, akiwachorea ubaoni. "Mwili unaficha umaskini wake. Damu itaendelea kuonekana ina vitamini ya kutosha huku ghala linakauka. Ini ndilo ghala. Ukitaka kujua nyumba ina njaa, usimtazame mtoto aliyevalishwa vizuri, funua ghala." Maryamu aliyapenda sana maneno hayo, akayarudia nyumbani jioni ile wakati anasuka nywele za jirani.

Sasa maghala ya panya wa vizimba vyekundu yalifunuliwa, na yalikuwa na akiba.

"Nimerudia kipimo," alisema Kaleb, fundi wa maabara, kijana wa Kisambaa aliyekuwa anaongea huku ametazama mchicha. "Nimebadilisha mpaka kemikali. Damu ya katikati ilikuwa chini, kama tulivyotarajia. Ya mwisho imepanda, na ini lina vitamini. Hawa wamelishwa, Daktari. Hakuna maelezo mengine."

"Na kama wasiopewa kitu nao wamepona," alisema Dkt. Grasiana, "siwezi kumwambia mtu yeyote mboga ya kivulini imefanya nini. Kazi yote imelala. Nani amewapa chakula kingine?"

Swali lilizunguka meza. Kaleb alikana. Muhidini aliweka kiganja kifuani. "Mimi? Chakula? Hapana, Daktari. Mungu shahidi." Na wakati ule alikuwa anasema alichokiamini.

Likafika mlangoni, kwa Maryamu. Alimtazama mjomba wake kwanza, akamtazama kwa kitambo, kama mtu anayempisha mkubwa apite mbele. Muhidini akamtikisia kichwa aseme.

"Mimi sijawapa," alisema Maryamu.

"Mzee, wewe ndiye msimamizi wake," alisema Daktari. "Umewahi kumwona?"

"Kumwona kwa macho yangu, sijamwona."

Angenyamaza hapo, pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini Muhidini alitaka aonekane mtu wa haki, asiyependelea damu yake mbele ya wenye elimu, na tamaa hiyo ndiyo iliyomponza. "Ila ana huruma nao sana," aliongeza. "Huwa anazungumza nao. Wale waliokuwa wanatoa utando machoni, aliwahi hata kuwalilia."

Dkt. Grasiana alishusha pumzi. Kwenye jalada lililokuwa mbele yake kulikuwa na barua aliyokusudia kuisaini wiki ile, ya kumpendekeza Maryamu akasomee chuo cha mifugo kwa ufadhili wa mradi. Alilifunga jalada. "Ile habari ya chuo," alisema, "tusiizungumze tena. Na kesho usije, binti. Pole."

Maryamu aliuliza kama anaweza kuchukua mboga yake. Mdoe akamtazama Daktari, Daktari akamtazama Kaleb, na Kaleb akasema labda ibaki kwanza.

*

Jioni ile walikula ugali kwa maharage ya mchana, kwa kuwa mchicha ulibaki ofisini kama ushahidi. Hajira, mke wa Muhidini, alikuwa mwanamke wa kucheka, na habari ya mboga iliyozuiliwa na mlinzi ingemchekesha mpaka machozi kama si sura ya Maryamu.

"Wamekupekua, kweli?"

"Mkoba tu."

"Na mjomba wako alikuwepo hapo hapo, amekaa?"

"Alikuwepo."

Muhidini alijitia kutafuta mawe kwenye maharage yaliyokwisha kuiva. "Nilisema sijamwona," alisema. "Mlitaka niseme nini tena? Ningemkingia kifua wangesema ni ndugu, tumekula njama. Tungeondoka wote wawili."

"Kwa hiyo ameondoka mmoja," alisema Hajira.

"Hajira, mwenyewe nimemsikia. 'Poleni, poleni wenzangu.' Mtu anayewapa panya pole atashindwa kuwapa mchicha?"

Maryamu alinawa mikono ingawa sahani yake ilikuwa haijafika nusu. "Nilikuwa nawapa pole kwa sababu wanaumwa, mjomba," alisema. "Na nilijua kwa nini wanaumwa. Daktari alitueleza sote."

Asubuhi Muhidini alimsindikiza stendi. Alimbebea begi, akamtafutia siti ya dirishani kwenye basi la Handeni, akamnunulia maji na mkate wa njiani. Vitu vyote ambavyo mjomba hufanya, alivifanya. Gari lilipowashwa, Maryamu alitoa kichwa.

"Mjomba, huna la kuniambia?"

"Uwe na subira, mama. Haya yatapita."

Maryamu alicheka kidogo, kicheko cha puani, akafunga kioo. Muhidini alirudi kazini akiwa amekereka. Alijiambia kwamba siku hizi ukimsaidia mtu hana shukurani.

*

Vuli ilipoanza, sungura mmoja wa Muhidini alikaribia kuzaa. Alikuwa anafuga sungura nyuma ya nyumba, na alijivunia namna anavyowatunza kuliko alivyojivunia cheo chake. Majani yao aliyakausha mwenyewe, nyasi laini pamoja na majani ya mti wa lusina, akiyaanika chini ya paa la banda na si juani, ili yabaki na ukijani na harufu yake. Aliyaweka kwenye gunia. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti anamtandikia huyo mwenye mimba, Hajira akapita na ungo wake wa mchele.

"Unamtandikia au unamlisha?"

"Namtandikia. Huyu hamalizi kesho."

"Mbona anakula kitanda?"

Muhidini alitazama. Sungura alikuwa ameshika unyasi mmoja kwa pembe ya mdomo, anauvuta ndani taratibu, midomo inatetemeka. Akaumaliza, akachukua mwingine. "Sungura ndivyo walivyo," alisema Muhidini, na mkono wake ukabaki ndani ya gunia.

Alikumbuka. Ilikuwa mwezi wa Juni, kabla ya ile siku ya mchicha, baridi ya milimani iliposhuka mpaka huku bondeni. Panya wa maabara walilala juu ya waya, ili kinyesi chao kipenye kidondokee kwenye sinia la chini wasije wakakila. Wenye afya hawakuona shida. Lakini wale wa vizimba vyekundu walikuwa wamekonda, manyoya yamesimama, na vidole vyao vilianza kuchubuka kwenye waya. Muhidini aliomba maranda kwa fundi seremala wa kituo. Fundi akasema mashine imekufa, arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akasema vivyo hivyo. Muhidini alikulia na mbuzi wa baba yake. Hakuweza kumwacha mnyama analala juu ya chuma na majani yapo. Kila jioni, Kaleb na Maryamu wakishaondoka, aliwawekea wale wa vizimba vyekundu, na hao tu maana ndio waliokuwa taabani, konzi moja moja ya majani ya sungura. Asubuhi akikuta yamepungua alidhani yamepenya kwenye waya. Masinia ilikuwa kazi ya Maryamu kuyasafisha. Na baada ya siku kadhaa, panya walipoanza kuchangamka na macho yao kufunguka, alishukuru Mungu kwamba wamepata usingizi.

Alikaa chini pale bandani, kwenye tope, na suruali yake ya kazini.

"Umepatwa na nini?" aliuliza Hajira.

"Mgongo," alisema Muhidini.

Ilimchukua siku kadhaa kumwambia mkewe ukweli. Alimwambia kwa kuzungukazunguka, kwanza habari ya baridi, halafu fundi seremala, halafu waya. Hajira alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi kesho uende ukaseme."

"Daktari aliuliza chakula," alisema Muhidini. "Hakuuliza matandiko. Angeuliza matandiko ningesema."

"Muhidini."

"Nitasema. Sijakataa."

Kesho yake Daktari alikuwa na wageni. Wiki iliyofuata alikuwa Dar. Aliporudi alikuwa na mafua na hasira, na hakuna mtu mwenye akili anayempelekea mkubwa wake habari kama ile akiwa na mafua. Halafu ikaja sherehe ya kufunga mwaka. Wafanyakazi walikula pilau chini ya turubai, na Dkt. Grasiana akasimama kumkabidhi Muhidini saa ya ukutani. Alisema kituo kimepita kwenye mtihani, na katika mtihani huo mzee huyu alisema kweli hata ilipomgusa ndugu yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mdoe alipiga kuliko wote. Muhidini aliipokea saa kwa mikono miwili, akarudi kwenye kiti chake, akaisukuma pembeni pilau aliyokuwa amebakiza.

Hajira alikataa saa ile itundikwe. Ikakaa ndani ya boksi lake chini ya kitanda.

Mwezi wa Januari dada yake alipiga simu kutoka Handeni. Bi Saumu, mama yake Maryamu, hakuwa mtu wa kuomba. Alimsalimia kaka yake kwa Kizigua, akamuuliza hali za watu wote mmoja mmoja, mpaka za sungura, ndipo akafika kwenye haja yake.

"Fomu za chuo zinafungwa mwisho wa mwezi huu. Mtoto hataki hata kuzisikia. Anasema bila barua ya Daktari ni kujisumbua. Nikasema mjomba wako yupo. Wewe una sauti pale, kaka. Kamwombee. Kama alikosea, alikosea kwa huruma, si kwa ubaya."

"Hakukosea," alitaka kusema Muhidini. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Nitaona," alisema.

"Mungu akuzidishie. Ningemtegemea nani mwingine?"

Alimwambia Hajira kwamba amechelewa mno, kwamba sasa hata akisema ataonekana amezusha ili kumwokoa binti, kwamba amebakiza miezi michache na mtu anayeondoka hapaswi kuacha moto nyuma yake. Alisema mengi. Hajira alianza kumwita "Mzee" kama wanavyomwita watu wa kazini, na kwa mke aliyezoea kumtania mumewe kwa jina lake, hiyo ilikuwa adhabu tosha. Fomu zikafungwa. Ukaja mfungo, na Muhidini akafunga siku zote, akasali zote msikitini, na bado kila akinyoosha mikono kuomba dua alikuta hana cha kuanzia.

*

Baada ya Idd alikwenda Handeni kumsalimia dada yake. Hakumkuta Maryamu.

"Yuko Segera," alisema Bi Saumu. "Anauza machungwa kwenye mabasi. Hapa ameshindwa kukaa. Wanasema alifukuzwa kwa wizi. Ati aliiba chakula cha panya, akawa anatupikia." Alijaribu kucheka. "Watoto wanamwita Mama Panya. Sasa mtu mzima atapigana na watoto?"

Muhidini hakulala Handeni kama alivyopanga. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kuvaa koti lake la kazi, alibisha mlango wa Dkt. Grasiana, akakataa kiti, akasema yote akiwa amesimama. Safari hii hakuzunguka. Alianza na majani.

Daktari alivua miwani. Alipozungumza, Muhidini alilazimika kuinama.

"Maini yalikuwa kwenye friza," alisema. "Kaleb aliyatunza mpaka mwezi wa pili, nilimkataza asiyatupe, nilisema iko siku tutapata jibu. Damu pia. Ungenipa na hayo majani yako tungeyapima, tungeandika kilichotokea, watu wangejifunza. Majani ya kivulini, mzee wangu! Ndicho kitu chenyewe tulichokuwa tunakitafuta. Pengine wale panya wako ndio waliokuwa na habari kubwa kuliko wote. Umeme ulikatika siku nzima, maini yakaharibika, tukayachoma. Tuliua wanyama wale wote, na sina hata cha kuandika."

"Nisamehe, Daktari."

"Na yule binti. Nilimwita mwongo kwa adabu nzuri kabisa." Alisugua macho. "Fungu la mchicha. Mimi na shahada zangu, nikahukumu kwa fungu la mchicha."

Aliandika barua palepale, akaisaini. Ilisema Maryamu hakuhusika kwa namna yoyote, kwamba alikuwa mfanyakazi mwangalifu na mwaminifu, na kwamba anapendekezwa kwa chuo chochote kitakachompokea. Alimpa Muhidini bahasha ikiwa wazi.

"Ufadhili wa mradi umekwisha," alisema. "Hilo ulijue unapompelekea. Barua ninayo, nafasi sina."

"Na mimi, Daktari? Nitaandikiwa nini?"

"Wewe utastaafu. Nenda kavae koti, panya hawajalishwa."

Muhidini alikuwa amejiandaa kwa onyo, kwa kikao, hata kwa Mdoe kumsindikiza mpaka getini mbele za watu. Hayo angeyabeba. Alikwenda kuwalisha panya, na siku nzima hakuna aliyemtazama vibaya.

*

Jumamosi alipanda gari mpaka Segera. Jua lilikuwa limepanda, na kwenye njia panda mabasi ya Arusha, Tanga na Dar yalikuwa yanapishana, kila moja likisimama linazungukwa na wauzaji walionyanyua mabeseni na ndoo mpaka madirishani. Alimtambua Maryamu kwa mwendo. Alikuwa amepungua mwili na kuwa mweusi kwa jua, ana machungwa yaliyomenywa kwenye mifuko, na alikuwa anakimbia na wasichana wadogo kwake kwa umri.

"Shikamoo, mjomba," alisema alipomwona. Hakutua beseni.

"Marahaba. Hujambo, mama?"

"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Alimpa bahasha kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kitu kwa mkubwa. Maryamu alifuta vidole kwenye khanga, akasoma akiwa amesimama, beseni limekaa ubavuni.

"Ni mimi, Maryamu," alisema Muhidini. "Yale majani niliweka mimi. Ya sungura. Kwa ajili ya miguu yao."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nayafagia kila asubuhi kwenye masinia, mjomba. Nilidhani Daktari amekuagiza. Siku ile ya mchicha ndipo nilipoelewa kwamba hakukuagiza. Nikakutazama. Nikasema mjomba atasema mwenyewe, mimi siwezi kumsema mjomba mbele ya watu."

Muhidini alishika ukingo wa beseni la Maryamu. "Sikujua kama wanayala," alisema. "Wallahi, mwanangu. Niliona ni kitanda. Siku ile, nilipoapa, nilikuwa sijui."

Maryamu alilitua beseni chini. Uso wake, ambao ulikuwa umefungwa tangu wasalimiane, ulifunguka, na Muhidini alimwona tena yule binti aliyekuwa anarudia maneno ya Daktari huku anasuka nywele.

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Yaani muda wote huu mimi naamini ulijua!" Alianza kucheka na machozi yakamtoka pamoja na kicheko, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa vidole vilikuwa na maji ya machungwa. "Naamini mjomba wangu ameninyooshea kidole huku anajua ni yeye. Wala sikumwambia mama. Watu wananiita mwizi, nimenyamaza, nasema nikisema ukweli mama atabaki hana kaka. Kumbe hukujua. Mungu wangu. Hukujua! Basi imekwisha, mjomba. Imekwisha. Ulikuja kujua lini, juzi?"

Neno "juzi" lilikuwa hapo, amewekewa tayari mdomoni. Lingemtosha. Hakuna mtu angelipinga isipokuwa Hajira, na Hajira asingelisikia. Muhidini alimtazama mtoto wa dada yake, furaha yote ile aliyokuwa nayo usoni kwa ajili yake, na akatamani kufa kuliko kuiondoa.

"Wakati wa vuli," alisema.

"Vuli hii iliyopita?"

"Ndiyo."

Maryamu alihesabu kitu kichwani. "Fomu zilikuwa bado hazijafungwa," alisema.

"Ndiyo."

"Mama alikupigia Januari. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Ulisema utaona."

"Nilisema."

Basi la Arusha lilikuwa linapunguza mwendo, wenzake walikwisha kuanza kulikimbilia. Maryamu aliikunja barua, akaitia kwenye pindo la khanga, akainama akalinyanyua beseni. Hakuwa na hasira usoni. Uso ulikuwa umerudi ulivyokuwa wakati wanasalimiana.

"Ile siku ya mchicha nimekusamehe, mjomba," alisema. "Hizi nyingine sijui."

Alikimbia. Muhidini alisubiri pembeni ya barabara mpaka basi likaondoka, akidhani atarudi ili wamalize mazungumzo. Maryamu alipokea chenji ya mwisho dirishani, akapanga machungwa yaliyobaki, akavuka kwenda upande yanakosimama magari ya Tanga.